Mnaoanza kazi ya mipango miji Dodoma, anzieni masjala

Wadogo zangu mnaoripoti Dodoma mkitokea Chuo Kikuu Ardhi au pale Chuo cha Mipango, nawajua mna hamu ya kufungua kompyuta na kuanza kuchora. Ngojeni kwanza. Wiki za mwanzo ombeni ruhusa mkae masjala ya ardhi, msome majalada hadi vumbi liwaingie puani.

Mji huu umepitia mikono mingi. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie hapa, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mtu anaiita CDA. Mpango kabambe wa kwanza ukatoka 1976, kazi ya kampuni ya Canada. Kwa zaidi ya miaka 40 CDA ndiyo iliyopanga, ikapima na kugawa viwanja kwa mikataba ya miaka 33, huku manispaa nayo ipo na madiwani wake. Tarehe 15 Mei 2017 Rais Magufuli akaivunja, kazi zake zikahamia manispaa, ambayo ilitangazwa kuwa jiji 26 Aprili 2018. Mikataba ile ikaelekezwa igeuzwe hati za miaka 99.

Ndiyo maana eneo moja laweza kuwa na mtu mwenye barua ya CDA, mwingine mwenye karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa, na mzee wa Kigogo ambaye babu yake alilima uwele pale kabla ya ofisi zote hizo. Wote watatu watakuja mezani kwako, na kila mmoja atakuwa anasema kweli kwa namna yake. Ukimwita yule mzee mvamizi kabla hujasoma jalada, hata ukiwa na mchoro mzuri namna gani, mtaa ule hautakusikiliza tena.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Hao wapya wanataka pa kujenga leo, siyo siku mchoro utakapoidhinishwa. Kule pembezoni, kama Nala au Ihumwa, shamba linakatwa vipande na kuuzwa kabla hamjafika na vifaa. Muhuri wa mtaa kwenye mauziano unashuhudia tu kwamba fulani kamuuzia fulani. Haumpi mnunuzi kiwanja kilichopangwa wala kupimwa. Waelezeni watu hilo mapema na kwa upole, maana wengi wameweka akiba yao yote pale.

Mkienda mtaani, piteni kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa mtaa na mwenyekiti. Mtendaji ni mwajiriwa, ana mkurugenzi. Mwenyekiti amechaguliwa na majirani zake, na uchaguzi unarudi kila baada ya miaka mitano. Akikuunga mkono kwenye jambo linalobomoa ukuta wa mtu, anahatarisha kura. Mpeni taarifa kamili kabla ya mkutano wa hadhara, asije akaisikia pamoja na wananchi wake. Diwani vilevile. Wapo wenzetu wanaoona siasa ni uchafu unaoharibu taaluma. Mimi sikubaliani nao: mchoro unapita kwenye kamati ya mipango miji, na wanaokaa pale ni madiwani. Na mkifika kwa wazee, semeni “mbukwenyi”, salamu ya Kigogo, kabla ya kufungua ramani.

Jambo la fidia ndilo linalowaunguza vijana wengi. Anayethamini ni mthamini, siyo wewe. Mama akikuuliza zabibu zake zitalipwa shilingi ngapi, usikadirie hata kwa utani, kwa sababu jioni hiyohiyo kijiwe kizima kitakuwa na “bei ya afisa”. Wewe ulizia vitu ambavyo ramani haina: nani analima wapi, njia ya mifugo inapita wapi, makaburi ya familia yako upande gani. Makaburi yaulizeni mwanzo kabisa. Kuyahamisha kuna sheria yake ya tangu 1969, na kuna ndugu ambao hawajawahi kukubaliana juu ya lolote ila hilo. Nimeona barabara ikipindishwa kwenye mchoro kwa sababu ya makaburi manne, na ilikuwa sawa.

Halafu makorongo. Wengi wenu mtaripoti kiangazi, Julai au Agosti, mtakuta bonde la mchanga mkavu linalofaa kabisa kwa viwanja mia mbili. Mvua hapa ni za msimu mmoja, tangu kama Desemba hadi Aprili, na zikija zinakuja kwa fujo. Uwanda wenyewe una miti michache ya kuzuia maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hapo ndipo mtabishana na kila mtu: mwenye shamba atasema huo si mto, mwekezaji atasema mita 60 ni nyingi, na msimamizi wako atakumbusha idadi ya viwanja iliyoahidiwa. Msiamue mezani. Waulizeni wanaoishi jirani maji yalifika wapi, watawaonyesha alama kwenye kuta za nyumba. Pigeni picha, chukueni vipimo vya pale, viambatisheni kwenye taarifa ya kamati. Diwani ambaye wapiga kura wake waliwahi kulala juu ya meza usiku wa mafuriko hataipinga hiyo picha.

Maeneo ya wazi nayo yanaliwa polepole. Linalobaki tupu kwenye mchoro kwa miaka mingi hupata ombi la kubadilishwa matumizi: leo fremu za maduka, kesho nyumba ya ibada. Mimi huwa napanga eneo la wazi pale ambapo tayari wazee wanacheza bao au watoto wana magoli ya miti. Ombi likiletwa, bango la kubadilisha matumizi linasimikwa mbele yao, na pingamizi linaandikwa jioni hiyohiyo.