Tiba mpya ya selimundu: usiuze kiwanja kwanza

Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama uuze kiwanja umpeleke mwanao wa miaka sita, mwenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa damu), nje kwa ile tiba ya kuhariri jeni. Naomba usiuze bado.

Tiba ni ya kweli. Inaitwa Casgevy, na iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Seli mama za damu za mgonjwa hutolewa, kisha maabara huvuruga sehemu ya jeni BCL11A, ile inayozima himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya mtoto akiwa tumboni. Himoglobini hiyo ikiamka tena, chembe nyekundu haziumbiki mundu kirahisi. Lakini kabla ya kurudishiwa seli hizo, mgonjwa hupewa dawa kali ya kemotherapia ya kusafisha uloto wa mifupa, unaotengeneza damu, na inaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Idhini hiyo ya 2023 ilikuwa ya kuanzia miaka 12, na bei Marekani ilitangazwa dola milioni 2.2. Kiwanja hakitafika, dada yangu.

Je, mtoto anatumia dawa ya haidroksiyurea? Hukutaja, na hapo ndipo penye moyo wangu. Nayo huongeza himoglobini ileile. Utafiti wa REACH, uliotolewa 2019, uliwapa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, hata vifo. Ni kidonge cha kila siku, chenye kupimwa damu mara kwa mara.

Kamuulize daktari wa kliniki yake wiki hii.