Gari la mtego wa panya: mtego uleule, kwa nini la mwenzangu linafika mbali?

SWALI: Shikamoo injinia. Tuna mashindano ya gari linaloendeshwa na mtego wa panya, litakaloenda mbali zaidi ndo linashinda. Tairi zangu ni CD nne, ekseli ni kijiti cha mbao nimekizungushia tepu kikawa na unene wa kama sm 1, mkono wa mtego nimeurefusha ukafika sm 10, na uzi nimeufunga fundo kwenye ekseli ya nyuma. Nikiliachia linaruka kwa nguvu, tairi za nyuma zinateleza kidogo, halafu linaishia mita 4. La mwenzangu linaondoka kama lina usingizi lakini linafika mita 11, na mtego ni wa aina ileile! Nitafute springi ngumu zaidi au nifunge mitego miwili?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Springi iache kama ilivyo, nguvu unayo tena unayo nyingi kupita kiasi, shida ni kwamba unaimwaga yote kwenye mita mbili za kwanza.

Tuanze na nishati yenyewe. Mtego wa kawaida ukiubana mpaka mwisho unatunza nishati ya karibu jouli 1, mara nyingi pungufu kidogo, yaani ile ya kunyanyua gramu 100 hadi urefu wa mita 1. Ndo hiyo tu, na mwenzako anayo hiyohiyo. Sasa gari likishatulia kila kitu kimeliwa na msuguano, kwa hiyo umbali ni nishati gawanya kwa nguvu ya msuguano, hakuna uchawi mwingine. Tuseme una jouli 0.8 na gari lako linavutwa nyuma na msuguano wa nyutoni 0.03, hapo kinadharia unafika kama mita 27. Msuguano ukiwa nyutoni 0.09 unaambulia kama mita 9 hata springi iwe mpya kabisa.

Haya, lako linapoteza wapi? Mkono wa sm 10 ukizunguka nusu duara unavuta uzi wa kama sm 20. Ekseli sm 1 na tairi ya CD ni sm 12, kwa hiyo kila sentimita ya uzi inasukuma gari sm 12, zidisha kwa 20 unapata mita 2 na sm 40. Baada ya hapo springi imeshamaliza kazi, gari linaserereka lenyewe. Na mwanzoni, kama mkono wako unavuta kwa nyutoni 3.6, gawanya kwa 12, tairi inasukuma sakafu kwa nyutoni 0.3 wakati msuguano unaotakiwa kushindwa ni 0.03 tu! Mara kumi ya kinachohitajika, ndo maana CD inateleza, plastiki laini kama ile haiwezi kushika sakafu hivyo. Kuteleza huko ni nishati inaenda bure. Halafu sikiliza pale mkono unapogonga ubao, ile "pa!" nayo ni nishati yako, mkono ulikuwa unakimbia na ule mwendo haukufika kwenye tairi.

Na kuna hilo fundo, hilo ndo baya kuliko yote. Uzi ukiisha kufunguka ekseli bado inazunguka, kwa sababu umeufunga fundo unaanza kujizungushia upande wa pili na kuuvuta mkono wa mtego urudi juu, yaani gari lako lina breki inayojifunga yenyewe katikati ya safari. Toa fundo leo hii. Weka kijipini au kipande cha waya kidogo kwenye ekseli kiwe kama ndoana, uzi uwe na kitanzi, unakichomeka na kuzungushia, ukiisha kitanzi kinachomoka chenyewe na tairi zinaendelea huru. Uzi wenyewe usiwe wa nailoni unaovutika, tafuta mshipi wa kuvulia samaki, ule wa kusukwa.

Baada ya hapo badilisha uwiano wa tairi na ekseli, ni kama gia za baiskeli, we sasa hivi uko kwenye gia ya kupanda mlima. Bandua tepu ibaki ekseli ya mm 5, mkono urefushe mpaka sm 30, mwepesi lakini usipinde (kipande cha antena ya redio ya zamani kinafaa sana). Mtego usogeze mbele ili ncha ya mkono ukiubana ifike juu ya ekseli ya nyuma, fremu itarefuka, sawa tu. Sasa uzi ni sm 60, uwiano ni 24, gari linavutwa kwa mita 14 na sm 40. Mvuto kwenye ncha unashuka hadi nyutoni 1.2, kwenye sakafu unapata 0.05. Ndo ule usingizi wa gari la mwenzako.

Ila angalia, msukumo wa 0.05 dhidi ya msuguano wa 0.03, ziada ni ndogo mno. Gari lenye msuguano wa 0.09 hapo halitoki kabisa, linakukodolea macho tu, na watu wengi wakifika hapa wanasema mkono mrefu haufanyi kazi wakati tatizo ni ekseli zao. Kwa hiyo pima msuguano kwanza. Chukua ubao wa mita 1, weka gari juu yake uzi ukiwa umetolewa, inua upande mmoja taratibu huku ukilisukuma kidogo kwa kidole mpaka uone linashuka kwa mwendo uleule bila kuongeza wala kupunguza. Kimo kikiwa sm 2 maana yake msuguano ni asilimia 2 ya uzito, gari la gramu 150 lina uzito wa nyutoni 1.5, ndo ile 0.03. Kikiwa sm 6 usiguse mkono bado, rudi kwenye ekseli.

Kwenye ekseli kinachokula ni mbao kusuguana na mbao. Weka chuma chembamba ndani ya bomba la plastiki au la shaba, ikiwa nyembamba na tairi ikiwa kubwa msuguano unapungua kwa uwiano uleule. Unga wa risasi ya penseli unasaidia. Ukipata beringi ndogo ujue zinakuja na grisi nzito ndani, kwa gari jepesi hivi grisi ni kama gundi, zioshe kwa mafuta ya taa zikauke.

Kunyoosha ekseli watu wanapuuza sana. Ekseli zako zikiwa sm 40 mbali na moja imepinda digrii 1 tu, kwa mita 10 gari linatoka nje ya mstari kwa zaidi ya mita 2, na umbali huwa unapimwa kunyooka. Pima kwa rula pande zote mbili kabla gundi haijakauka.

CD za nyuma zivalishe raba ya puto iliyokatwa, inashika vizuri, za mbele ziache. Gari likisita kuondoka tu lakini likishaanza linaenda, zungushia tepu kidogo ile sehemu ya ekseli ambapo uzi unaingia mwisho, sio mwanzo, maana uzi ulioingia mwisho ndo unaotoka kwanza. Hapo unapata nguvu ya kuondokea halafu unene unarudi mdogo.

Kuhusu mitego miwili, soma kanuni zenu, mashindano mengi yanaruhusu mmoja tu. Hata ikiruhusiwa unaongeza uzito, na uzito ndo msuguano. Na mkono wa sm 30 ukifyatuka ncha yake inaenda kasi kweli, kaa nao mbali na macho. Pima kwenye ubao kwanza, ukipata hicho kimo niandikie pamoja na uzito wa gari nikupigie hesabu ya urefu wa mkono.