Makala yenye kasoro haifutwi kimyakimya

Ukiajiriwa kwenye ofisi ya jarida la kitaaluma, haitapita muda utapokea barua pepe ya aina hii: picha ya maabara iliyo kwenye makala yenu ya mwaka juzi imeonekana pia kwenye makala nyingine, ikielezewa kuwa jaribio tofauti kabisa. Usikimbilie kuishusha makala mtandaoni. Andika tarehe, hifadhi barua, usimtaje mlalamikaji hata kama hakuomba kufichwa, kisha mkabidhi mhariri mkuu. Uamuzi ni wake. Idara ya fedha haihusiki, hata kama mwandishi alilipa ada ya uchapishaji.

Barua ya kuomba maelezo iende kwa waandishi wote. Ukimwandikia yule wa mawasiliano peke yake, yaani mwandishi anayewasiliana na jarida kwa niaba ya wenzake, huenda ndiye mwenye la kuficha. Omba data ghafi na picha halisi, weka siku ya mwisho, wala usishutumu. Majibu yakipwaya, andikia chuo chao. Chuo ndicho kinachoweza kufungua makabati ya maabara, nyinyi hamuwezi. Uchunguzi ukikawia, chapisheni tangazo la tahadhari kwa wasomaji. Hapa ndipo wengi huzubaa. Jarida la tiba la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield na wenzake Februari 1998, yenye watoto 12, ikihusisha usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Mwaka 2004 waandishi 10 kati ya 13 waliikana tafsiri hiyo ya matokeo. Makala yenyewe ikabatilishwa Februari 2010, wakati wazazi walishaogopa chanjo miaka na miaka.

Kosa dogo lisilogusa hitimisho linatosha sahihisho. Matokeo yasipoaminika, makala ibatilishwe, hata kama mwandishi alikosea bila nia mbaya. Tangazo la kubatilisha liseme hivyo, ni haki yake. Litaje nani anabatilisha na kwa nini, liwe na namba yake ya DOI (kitambulisho cha kudumu cha mtandaoni), lisomwe bure hata kama jarida ni la kulipia. “Imeondolewa kwa ombi la waandishi” si sababu. Makala ya awali inabaki palepale, na neno IMEBATILISHWA kila ukurasa, na taarifa ipelekwe Crossref, shirika linalosajili namba za DOI, ili hifadhidata nyingine ziione.

Kinachosahaulika sana ni faili la PDF. Ukurasa wa tovuti umewekwa alama, PDF bado safi, na PDF ndiyo wanafunzi wanayotumiana WhatsApp. Ipakue kwa simu yako, kama msomaji wa kawaida, ufungue hadi ukurasa wa mwisho.