Kabla ya kuwasha skana: niliyojifunza kwenye kuorodhesha vitu vya makumbusho hapa Dodoma

Mkuu, umesema umepewa kazi ya kuanzisha maktaba ya kidijitali ya makumbusho, vitu na picha vinakaribia 1,200, skana imeshanunuliwa, bosi anataka muanze wiki ijayo, na wewe unauliza ufuate kiwango gani cha metadata, yaani maelezo yanayoandikwa kuhusu kila kitu. Nakujibu kwa niliyoyafanya kwa mikono yangu kwenye mkusanyiko mdogo hapa Dodoma. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: iache skana kwenye boksi lake kwa sasa.

Sisi tulianza na skana. Miezi minne tukapiga picha na kuskani, mafaili yanaitwa IMG_0412, IMG_0413, kila mtu na folda yake. Siku moja akaja mzee kutoka Mvumi, anataka kuona mazeze. Tukaandika "zeze" kwenye kompyuta, yakatoka matatu. Mzee alikuwa amesimama mbele ya rafu, anahesabu kwa kidole, akafika kumi na moja. Mengine tulikuwa tumeyaandika "gitaa la asili", mengine "ala ya nyuzi", na moja "fidla", kwa sababu leja ya enzi ya Waingereza ilisema hivyo na aliyeingiza akatafsiri akaendelea. Mzee akachukua moja, akapapasa kibuyu chake, akatuambia kwa Kigogo ni izeze. Hakuna hata rekodi moja kati ya zile kumi na moja iliyokuwa na neno hilo. Picha zilikuwa nzuri sana, lakini mwenye mali alipokuja kuitafuta kwa jina lake, hakuiona. Ile siku iliniuma, na ndiyo iliyonifundisha kwamba kiwango ni makubaliano ya namna ya kuandika. Programu inafuata baadaye.

Kwa hiyo kaeni kwanza mezani, wewe, mtunza stoo, na wazee wawili watatu wanaovijua hivyo vitu, mtengeneze orodha ya majina. Kila kitu kiwe na jina moja mlilokubaliana la Kiswahili, jina la lugha ya wenyewe katika kisanduku chake (izeze, ilimba), na maneno ya leja ya zamani yanakiliwa herufi kwa herufi, hata kama yanakera. Usiyafute. Ndiyo ushahidi wa nani alikipokea kitu na alikielewaje. Lugha nazo zina alama zake za kimataifa za ISO 639-3: Kigogo ni gog, Kirangi lag, Kisandawe sad. Ukiziweka tangu mwanzo, siku mkiunganisha mkusanyiko wenu na wa wengine hamtahangaika.

Kila kitu kingine kisubiri kwanza namba ya usajili. Tuliyoitumia sisi ina sehemu tatu: mwaka kitu kilipopokelewa, namba ya kundi lililopokelewa pamoja, na namba ya kitu ndani ya kundi, yaani 1987.14.3. Faili la picha linabeba namba hiyohiyo. Kwenye kitu chenyewe funga lebo ya kitambaa cha pamba iliyoandikwa kwa penseli. Nimeona kibuyu kilichoandikwa kwa maka peni, wino umeingia ndani na hautoki tena.

Sasa kiwango. Dublin Core ilianza 1995 kwenye kikao kilichofanyika mji wa Dublin, Ohio, Marekani, na ina vipengele 15: kichwa, mtengenezaji, mada, tarehe na kadhalika. Kwa picha, barua na sauti inatosha vizuri, na programu nyingi za bure, Omeka ikiwemo, zinaielewa. Kwa kitu chenyewe cha makumbusho ni fupi mno, haina kisanduku maalumu cha vipimo, cha hali ya kitu, wala cha namna kilivyofika kwenu. Hapo ongeza vipengele vya Object ID, kiwango kilichozinduliwa 1997 ili kitu kikiibwa kiweze kutambuliwa: malighafi, vipimo, alama na maandishi, kasoro za pekee, na picha. Kwa taratibu za kupokea na kuazimisha, soma Spectrum, mwongozo wa makumbusho wa Waingereza, mchukue kinachowafaa.

Kuna mtego mmoja hapo ambao ulitugharimu. Kwenye kipengele cha mtengenezaji aandikwe nani, aliyechonga zeze au aliyelipiga picha? Tulichanganya, tukajikuta kijana wetu wa kamera amekuwa fundi wa mazeze yote. Fanyeni rekodi mbili zilizounganishwa, ya kitu na ya picha.

Tarehe andika mwaka-mwezi-siku, 1962-04-03, maana 03/04/1962 kila mtu anaisoma kivyake. Kama hujui siku, ishia kwenye mwaka.

Mahali ndiko penye kazi kubwa kwa huku kwetu kati. Leja inasema Dodoma Vijijini, leo ni Bahi au Chamwino. Inasema Kondoa, kumbe kijiji sasa kiko Chemba. Karatasi za Wajerumani zinaandika Mpapua, yaani Mpwapwa ya leo. Weka visanduku viwili, mahali kama palivyoandikwa na mahali kwa mipaka ya leo, na kile cha kwanza kisiguswe kamwe.

Na tafadhali, msiweke kila kitu wazi kwa kila mtu. Michoro ya miambani ya Kondoa imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006, na bado wapo watu wanaochimba mashimo kwenye mapango hayo wakitafuta mali ya Wajerumani. Ukitangaza vipimo vya GPS vya pango lisilo na mlinzi, umewaelekeza njia. Tuliweka kisanduku cha "nani aone": wote, watafiti kwa maombi, au wazee wa eneo na mtunza stoo. Vitu vya matambiko ya mvua tulivipangia daraja baada ya kuwauliza wenyewe, na viwili waliomba visipigwe picha kabisa. Rekodi zake zipo, zina maneno tu.

Anza na vitu hamsini kwenye Excel, vya aina tofauti, pamoja na ngoma moja ya muheme ya Wagogo na boksi moja la picha. Mkimaliza, mpe mtu asiyevijua atafute vitu kumi. Atakapokwama, badilisheni orodha ya majina hapohapo. Mimi ningetenga wiki sita kwa hilo, ndipo skana itoke kwenye boksi.