Kusoma mfululizo wa kijasusi kwa kikundi: anzeni na Willy Gamba, ndipo mwende kwa Smiley

Mkuu, umesema mko marafiki sita, mnataka kusoma riwaya za kijasusi za mfululizo kwa pamoja, na hamjui muanze na mwandishi gani wala mfanyeje ili wanaosoma haraka wasiwaharibie wenzao utamu. Waliotangulia kukujibu wamekumwagia majina ya waandishi tu. Nina kikundi cha aina hiyo hapa Dar, tunakutana barazani kwa mmoja wetu Jumamosi jioni, na hili la kijasusi tumelifanya mpaka mwisho. Ngoja nikueleze lilivyokwenda.

Msianze na mwandishi mmoja mkamng'ang'ania. Someni wawili wanaopingana. Mwaka 1974 vilitoka vitabu viwili ambavyo mtu angedhani havina la kuzungumza: Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, na Tinker Tailor Soldier Spy cha John le Carré. Huku kuna Willy Gamba, jasusi wa Tanzania, anapanda ndege, anapiga watu, anavaa vizuri, na akipokea simu ya Chifu hana haja ya kujiuliza kama Chifu anasema kweli. Kule kuna George Smiley, mzee mnene mwenye miwani, kafukuzwa kazi, mkewe kamwacha, na anarudishwa kwa siri kumtafuta pandikizi wa Warusi aliyeko kwenye uongozi wa juu kabisa wa idara yake mwenyewe. Kwa Gamba adui yuko nje ya mlango. Kwa Smiley adui anakunywa chai na wewe. Mkisoma kimoja bila kingine mtapata burudani tu. Mkivisoma vikifuatana, mabishano hayaishi.

Sasa Gamba kwanza, kwa sababu mbili. Ni Kiswahili, na ni mbio. Kufa na Kupona msijaribu kukigawa sura kwa sura, hakigawanyiki. Ni kitabu cha kulala saa nane usiku. Karatasi za siri za wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam, njia inaelekea Nairobi, na Willy anatumwa kuzifuata. Mwacheni kila mtu amalize kwake, ndipo mkutane.

Mazungumzo yetu ya kwanza yangekuwa mafupi sana kama si mzee mmoja kwenye kikundi, karani mstaafu wa bandari. Vijana walikuwa wanacheka. Makaburu na Wareno kutuma watu wao mpaka Dar? Musiba kazidisha chumvi, wakasema. Mzee akawauliza kama wanajua Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake wapi. Ilikuwa hapa hapa Dar, tangu 1963. Vyama vya ukombozi, FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola, wote walikuwa na watu na ofisi zao mji huu. Kisha akawasimulia habari ya Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliyeuawa Oyster Bay tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu la kifurushi. Ndani ya kifurushi hicho mlikuwa na kitabu. Mzee akachukua nakala yetu ya Kufa na Kupona pale mezani, akaipima mkononi, akatuuliza: ungeletewa kitabu ambacho hukukiagiza, wewe ungekifunguaje? Hakuna aliyecheka tena. Kuanzia hapo Musiba tulimsoma kwa macho mengine. Kitabu kilitoka mwaka ule ule ambao utawala wa Wareno kule Lisbon ulipinduliwa, tarehe 25 Aprili, na mwaka uliofuata Msumbiji ikawa huru. Aliyekinunua wakati huo hakuwa anasoma historia, alikuwa anasoma habari za mtaani kwake.

Kwa hiyo kabla hamjanunua chochote, tafuteni mtu mzima mmoja aliyeishi miaka hiyo, hata kama si msomaji. Mpeni kiti kizuri.

Baada ya hapo chukueni Kikosi cha Kisasi (1979). Humo Willy anapelekwa Kinshasa, na kama mna mtu anayeijua Zaire ya Mobutu, basi mmepata bahati ya pili. Viko na vingine, Njama na Hofu, lakini kwa kusoma kikundi viwili vinatosha. Vya mtindo mmoja vikifuatana vitatu vinne, watu wanaanza kubashiri, na Gamba akishabashirika anapoteza nusu ya raha yake. Mtu akinogewa ataendelea peke yake. Kuvipata dukani usitegemee, ulizia kwa wauza vitabu vya mitumba, na uwe tayari kukuta nakala isiyo na jalada.

Niseme na lililotugombanisha. Dada mmoja wetu, mkaguzi wa ndani benki, alisema wazi kwamba wanawake wengi kwa Gamba wapo kwa ajili ya kitanda au mtego, na akisikia tena mtu anamsifia Willy kwa "kuopoa" atahama kikundi. Kuna waliomtetea Musiba kwamba ndivyo riwaya za aina hiyo zilivyokuwa dunia nzima miaka ile. Kweli, zilikuwa hivyo. Ila hoja ya dada ilibaki pale pale, na mimi niko upande wake. Msiogope mabishano ya namna hii, yanawaonyesha nani kwenye kikundi anasoma na nani anapepesa macho tu juu ya karatasi.

Kabla ya kuingia kwa Smiley, pitieni daraja. The Spy Who Came in from the Cold (1963) ni kitabu chembamba, Kiingereza chake kinasomeka, na kinatokea Berlin miaka michache tu baada ya ukuta kujengwa. Smiley mwenyewe anaonekana kwa mbali, kwenye vivuli. Mhusika ni Alec Leamas, jasusi aliyechoka anayepewa kazi ya mwisho. Sikwambii mwisho wake. Nakwambia tu kwamba mwalimu wetu wa sekondari, mtu mpole kuliko wote pale barazani, alikipiga kitabu mezani akasema, "Kumbe hawa ndio wazuri?" Swali hilo ndilo mnalolihitaji muwe nalo mkononi mkifungua Tinker Tailor. Mkitoka kwa Gamba moja kwa moja, mtamwona Smiley anachosha. Mkipitia kwa Leamas, mtajua kwa nini Smiley hamwamini mtu.

Na sasa kazi yenyewe. Tinker Tailor ni kigumu, sitawadanganya. Kiingereza chake ni cha watu wa ofisi moja wanaojuana miaka ishirini, hawamalizi sentensi na wana majina ya utani kwa kila kitu. Wengi wanakiacha kurasa za mwanzo, kwa sababu kinaanza shuleni na mwalimu mpya anayeishi kwenye karavani na wewe unasubiri majasusi. Hapa ndipo kusoma kwa kikundi kunapolipa, maana aliyeelewa sura ya kwanza anambeba ambaye hakuelewa, na wiki inayofuata wanabadilishana.

Sisi tulifungua daftari moja la kikundi. Kila mhusika ana ukurasa wake, na kila ukurasa una safu tatu: anajua nini, tangu lini, na sisi tumeambiwa na nani. Hiyo ya tatu ndiyo roho ya kitabu. Smiley hapigi mtu. Anazunguka kwa wale waliofukuzwa ofisini, mmoja mmoja, anakaa nao, anawaacha waongee. Kila mmoja ana kipande chake, na kila mmoja anakisimulia kwa namna inayomfaa yeye. Usipoandika nani kasema nini, kufikia katikati ya kitabu unaamini mambo ambayo hakuna aliyekuthibitishia. Tulipofika kwa Connie Sachs, bibi mtafiti aliyeondolewa kazini, yuko Oxford na kumbukumbu yake na pombe yake, mzee wa bandari alicheka sana. Akasema kila ofisi ya serikali aliyoijua ilikuwa na mama mmoja wa masijala anayejua faili gani liliwahi kutoka na nani alilichukua, na siku zote ndiye wa kwanza kupunguzwa kazi.

Dada mkaguzi ndiye aliyetupita wote. Kuna mahali Smiley na Guillam, msaidizi wake wa ndani ya idara, wanahitaji kuangalia daftari la zamu la usiku fulani, na zile kurasa hazipo. Sisi tulipita kama kawaida, tukaona ni fumbo la riwaya. Yeye akatusimamisha. Akasema mwizi wa kawaida anaiba daftari zima, au anaandika juu yake. Anayeondoa kurasa za siku moja tu na kurudisha daftari mahali pake ni mtu ambaye hakuna atakayemuuliza kwa nini kalishika, kwa hiyo tusitafute chini, tutafute juu. Alisema kwenye ukaguzi wao ndivyo wanavyoanza. Nilisoma upya sura zile usiku ule, nikaona kweli Smiley kwa sehemu kubwa ni mkaguzi: amejifungia kwenye kihoteli cha London na marundo ya mafaili, analinganisha tarehe.

Kuhusu kuharibiana utamu. Washukiwa wanajulikana mapema, wala hiyo si siri: ni wakubwa wanne waliobaki ofisini, Alleline, Haydon, Bland na Esterhase, na Smiley mwenyewe alikuwa kwenye orodha ya bosi wake wa zamani. Tuliweka vituo, kila kituo sura kadhaa, na ni marufuku kuvuka kabla ya Jumamosi. Kila kituo, kabla ya maongezi, kila mtu anaandika jina la anayemshuku kwenye kikaratasi na sababu moja, anakitumbukiza kwenye kopo la Blue Band, na kopo halifunguliwi mpaka mwisho. Ubishi unapungua sana mtu akijua kesho hawezi kusema "mimi nilijua tangu zamani". Aliyeona filamu ya 2011 au tamthilia ya BBC ya 1979 haruhusiwi kupiga kura. Siku ya kufungua kopo tulikuta mwalimu alimtaja mtu sahihi kituo cha kwanza kabisa, kisha akambadilisha kila wiki, kwa sababu, anasema, alianza kumpenda. Nadhani hakuna mhakiki aliyewahi kukisifia kile kitabu kwa maneno mazuri kuliko hayo.

Linalozidisha uzito ni kwamba yule mwandishi hakuwa anabuni hewani. Le Carré, kwa jina lake halisi David Cornwell, alifanya kazi MI5 na baadaye MI6, idara za ujasusi za Uingereza, ya ndani na ya nje ya nchi, na alikuwa bado mtumishi alipoanza kuchapisha, ndiyo maana akatumia jina la bandia. Kim Philby, mkubwa wa ujasusi wa Uingereza aliyekuwa akiwatumikia Warusi miaka yote, alitoroka Beirut kwenda Moscow Januari 1963. Someni habari za Philby, lakini baada ya kufungua kopo, si kabla. Musiba, kwa upande wake, wengi wanamkumbuka pia kama mtu wa biashara aliyewahi kuongoza TCCIA, chama cha wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima Tanzania, na mie naona hata hilo linasomeka kwa Gamba: viwanja vya ndege, hoteli nzuri, simu za mbali, mtu anayejua kusafiri.

The Honourable Schoolboy (1977), cha pili kwenye mfululizo wa Smiley na Karla, mkuu wa majasusi wa Warusi na hasimu wake, ni kitabu kinene cha Hong Kong na vita vya Asia ya Kusini Mashariki. Kwetu kilipukutisha watu. Ushauri wangu, na najua mashabiki watanirukia: kiruke kama kikundi. Mmoja mwenye moyo akisome, awasimulie jioni moja, mwende Smiley's People (1979). Ila mkiwa bado Tinker Tailor, mahali Smiley anaposimulia alivyokutana na Karla gerezani Delhi, andikeni kwenye daftari habari ya kiberiti cha gesi alichopewa na mkewe. Kiandikeni kwa wino mwekundu. Mtanishukuru baadaye.

Mkishamaliza, na mkiwa bado mnasalimiana, chukueni The Mission Song (2006) cha huyo huyo le Carré. Si cha mfululizo, na kama ujasusi si bora kwake. Lakini msimulizi ni mkalimani aliyezaliwa Kongo ya mashariki, Kiswahili ni moja ya lugha zake, na wakubwa wa London wanamtumia kwenye mkutano wa siri kuhusu Kivu. Ni mara chache utamkuta mmoja wetu akiwa ndiye anayewasikiliza wao. Kijana mmoja kwenye kikundi chetu, mtu wa Bukavu, alikuwa na maneno makali sana juu ya namna watu wa kwao walivyochorwa humo, na Jumamosi ile tuliondoka saa nne usiku.

La vitendo: Tinker Tailor nunueni angalau nakala mbili za karatasi, maana mtarudi nyuma kila mara na kwenye simu kurudi nyuma ni adhabu. Daftari lishikwe na mtu mmoja, yule mwenye mwandiko unaosomeka. Na ambaye keshaona filamu mpeni kopo alitunze nyumbani kwake, maana pale kwenu ni yeye peke yake asiye na hamu ya kulichungulia.