Babu alipelekwa Mathari: umtafuteje kwenye karatasi?

Barua za safari hii zinahusu ndugu waliolazwa hospitali za akili zama za ukoloni, kama Mathari ya Nairobi, ambao ukoo uliacha hata kuwataja. Nazijibu kwa moyo wote. Watu hawa wana haki ya kukumbukwa kama marehemu wetu wengine.

Babu mzaa baba alichukuliwa na askari kutoka Bungoma miaka ya 1940. Tuliambiwa yuko Mathari, hakurudi tena. Nianzie wapi? (Msomaji, Webuye)

Pole sana. Usianzie hospitali, anzia wilayani. Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 mahali walipokuwa wakitengwa wagonjwa wa ndui, lakini mtu hakupelekwa huko kwa neno la daktari peke yake. Jamaa au chifu alishtaki, hakimu akatia sahihi amri ya kumlaza, polisi wakamsafirisha. Mara nyingi hakimu huyo alikuwa Mkuu wa Wilaya mwenyewe. Kila mkono aliopitia uliweza kubaki na karatasi. Nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, lile jengo lililokuwa la Bank of India, uombe majalada ya wilaya yenu ya miaka hiyo. Kwa kawaida nyaraka za serikali hufunguliwa baada ya miaka 30, ila zenye habari za ugonjwa wa mtu zinaweza kuzuiwa zaidi. Kwa hiyo beba kitambulisho na barua ya chifu inayothibitisha udugu wenu.

Kabla ya safari, kaa na wazee uwaulize mambo madogo madogo: chifu alikuwa nani, mwaka ule kulikuwa na njaa gani, ni nani aliyezaliwa. Tarehe utaikaribia kwa njia hiyo.

Nimetafuta jina la nyanya, halipo kabisa. (Msomaji, Murang'a)

Lisome kama karani alivyolisikia. Muchiri aweza kuwa Mushiri au Mosheri. Mwanamume ana nafuu, kwa kuwa tangu 1920 hivi wanaume Waafrika nchini Kenya walilazimika kubeba kipande, yaani cheti cha utambulisho na kazi, na namba yake iliweza kunakiliwa kwingine. Mwanamke hakuwa nacho. Mtafute kwa jina la mumewe, la baba yake, au la chifu wa eneo lake.

Hospitali imeniambia mafaili ya kabla ya uhuru yaliharibika. Ndiyo basi? (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Uliza tena, safari hii uliza daftari la kupokea wagonjwa. Faili la mgonjwa ni kitu kimoja, daftari ni kingine, na huenda moja likaliwa na mchwa lingine likabaki kabatini. Mstari mmoja tu unaweza kukupa siku aliyoingia na siku aliyotoka au kufariki. Ukipata tarehe ya kifo, ulizia daftari la maziko.

Nimepata karatasi inayosema babu mkubwa alikuwa na wazimu wa dini. Niamini? (Msomaji, Kitale)

Amini kwamba iliandikwa. Kisha uliza nani aliandika, na babu alikuwa amefanya nini wiki ile. Elijah Masinde, kiongozi wa dini ya Kiafrika iitwayo Dini ya Msambwa, aliyepinga waziwazi amri za serikali ya kikoloni, aliwekwa Mathari mwaka 1945 na kukaa humo kama miaka miwili. Aliyeongoza hospitali wakati huo, J. C. Carothers, baadaye aliandika kwamba Mwafrika hatumii sehemu ya mbele ya ubongo wake ipasavyo. Ndiyo macho yaliyomtazama mgonjwa. Sisemi babu yako hakuugua, wengi waliugua kwelikweli na waliteseka. Ila karatasi hiyo isome sambamba na jalada la wilaya: je, alikataa kodi? Alikataa kazi ya lazima? Alihubiri sokoni?

Wazee wanasema niache, nitaharibu ndoa za wasichana wetu. (Msomaji, Machakos)

Usibishane nao, wala usitangaze ulichokipata. Mwendee mmoja anayekupenda, muulize kuhusu mtu mwenyewe, ugonjwa usiutaje. Alilima nini? Aliimba?

Shikamoo, mwalimu. Bibi mzaa bibi yetu alikuwa Lutindi kabla ya vita vya kwanza. (Msomaji, Korogwe)

Marahaba, mwanangu. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha kituo cha Lutindi mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na kuanzia 1904 wakapokea wagonjwa wa akili. Hospitali ipo hadi leo huko Usambara chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Anza nao, kwa barua. Karatasi za Bethel, misheni ya Kijerumani iliyohusika na kituo hicho, zimehifadhiwa Wuppertal, Ujerumani, na majalada ya serikali ya Kijerumani yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zama zile ni mgumu hata kwa Wajerumani wa leo, hivyo omba nakala ya picha na utafute anayeuzoea. Kama jamaa zako wanataja Dodoma, hiyo ni habari nyingine: hospitali ya akili ya Mirembe ilifunguliwa huko mwaka 1927, chini ya Waingereza, na wagonjwa walioletwa na mahakama kwa kesi za jinai waliwekwa Isanga, jirani yake.