Namba za Mwendo Zinapotea Ninapokata Kona: Je, Dashibodi Imekufa?

SWALI: Ndugu fundi, nina pikipiki ya cc 150 yenye dashibodi ya kidijitali, ambayo naifanyia kazi ya kubeba abiria mjini Morogoro. Tangu mvua za masika zipite, namba za mwendo zinapotea bila utaratibu: natembea kilomita 50 kwa saa, ghafla inasoma sifuri, halafu baada ya muda inarudi. Mara nyingi hutokea ninapokata kona, na mara nyingine ninapopita kwenye mashimo. Wakati huo kilomita za jumla nazo hazihesabiki, lakini geji ya mafuta, indiketa na taa ya nyutro zinafanya kazi kama kawaida. Fundi niliyemwonyesha alisema dashibodi imekufa na ninunue nyingine, nayo bei yake ni kubwa. Hivi karibuni pia nilibadilisha sproketi ya mbele kutoka meno 15 kwenda 14 ili ipande vilima kwa nguvu. Je, dashibodi ndiyo mbovu kweli, na sproketi ina mchango wowote?

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue dashibodi bado. Dalili ulizozieleza zinaelekeza kwanza kwenye waya, pili kwenye sensa, na dashibodi inakuja mwisho kabisa. Dashibodi iliyoungua ndani haijui kama usukani umegeuzwa kushoto au kulia. Kinachojua ni waya unaojipinda kila mara usukani unapogeuzwa. Aidha, geji ya mafuta na taa nyingine zikiwa nzima, maana yake umeme mkuu na athi (njia ya kurudisha umeme kwenye ncha hasi ya betri) ya dashibodi vinafika, na kinachokatika ni ishara ya mwendo peke yake. Kwa kuwa kilomita za jumla huhesabiwa kutokana na ishara hiyo hiyo, ni lazima zisimame pamoja na namba za mwendo.

Kwenye spidomita ya aina hii hakuna kebo inayozunguka kama ya zamani. Kuna sensa ndogo, ama kwenye habu (kitovu) ya gurudumu la mbele, ama juu ya gia boksi karibu na sproketi ya mbele. Sensa nyingi za namna hiyo huhisi sumaku au meno ya chuma yanayopita mbele yake, na huwa na waya tatu: mmoja unaleta umeme kutoka dashibodi, wa pili ni athi, na wa tatu unarudisha mapigo ya ishara. Dashibodi huhesabu mapigo hayo na kuyageuza kuwa kilomita kwa saa. Rangi za waya hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo usizitegemee, tegemea mita ya kupimia umeme.

Anza na jambo lisilogharimu chochote. Simamisha pikipiki kwa dabo stendi na umwombe mtu ainue gurudumu linalohusika lisiguse chini. Kama sensa iko mbele, zungusha gurudumu la mbele kwa mkono huku ufunguo ukiwa umewashwa. Kama iko kwenye gia boksi, washa injini, tia gia ya kwanza na uache gurudumu la nyuma lizunguke polepole, mikono na nguo zikiwa mbali na mnyororo. Namba zikionekana, geuza usukani taratibu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Zikipotea mahali fulani pa mgeuko, kisha zikarudi unapourudisha, kosa liko shingoni, pale hanesi (fungu la waya) inapopita kati ya fremu na usukani. Zisipopotea kwa kugeuza lakini zikapotea unapobonyeza shokapu za mbele juu na chini, fuata waya unaoshuka kwenye shokapu hadi kwenye habu, kwa sababu hapo ndipo unapovutwa kila unapopita kwenye shimo.

Shingoni, kata vifungo vya nailoni na ufungue mpira unaofunika waya. Mara nyingi utakuta mpira wa waya mmoja umechubuka kwa kusuguana na fremu, au umebana kwa sababu mtu alifunga hanesi kwa nguvu baada ya matengenezo ya taa. Ubaya wa waya wa namna hii ni kwamba unaweza kuonekana mzima kwa nje, kumbe nyuzi za shaba ndani zimebaki mbili au tatu. Kwa hiyo usiupime ukiwa umetulia. Zima ufunguo, chomoa soketi za pande zote mbili, weka mita kwenye alama ya mlio, inayolia waya ukiwa haujakatika, halafu uupinde waya kipande kwa kipande ukisikiliza. Mlio unapokatika, umefika penye kosa.

Kwa sababu tatizo lilianza baada ya masika, zifungue pia soketi za sensa na za dashibodi. Ukiona unga wa kijani kwenye pini, hiyo ni kutu ya shaba, na maji yamekuwa yakiingia. Safisha kwa dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme na brashi ndogo laini, hakikisha pini hazijarudi nyuma ndani ya plastiki, kisha paka grisi ya silikoni kidogo kabla ya kuzirudisha. Wanaoosha pikipiki kwa pampu ya shinikizo hupenda kuelekeza maji moja kwa moja nyuma ya taa ya mbele, mahali penye soketi karibu zote. Waombe wasifanye hivyo.

Waya na soketi zikiwa salama, pima sensa, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Huchomoa soketi, huweka mita kwenye waya wa ishara upande wa sensa, huona sifuri na kutangaza kwamba sensa imekufa. Sensa nyingi za waya tatu hazitoi umeme wake zenyewe. Zinachofanya ni kuushusha hadi kwenye athi umeme mdogo unaotolewa na dashibodi kupitia rezista (kipande kinachopunguza umeme) yake ya ndani. Ukichomoa soketi, umeiondoa rezista hiyo, na hata sensa mpya haitakuonyesha kitu. Pima soketi ikiwa imeunganishwa, kwa kuchomeka pini nyembamba nyuma ya soketi, sambamba na waya, bila kutoboa mpira wake.

Ufunguo ukiwa umewashwa, kati ya waya wa umeme na athi ya sensa unapaswa kupata ama volti zinazokaribia 5, ama zinazokaribia za betri, kutegemea muundo. Kisha weka mita kati ya waya huo wa athi na ncha hasi ya betri: ukipata zaidi ya sehemu moja ya kumi ya volti, athi ina upinzani na inahitaji kusafishwa. Baada ya hapo hamishia mita kwenye waya wa ishara na uzungushe gurudumu polepole sana kwa mkono. Volti zinatakiwa kuruka juu na kushuka karibu na sifuri kila sumaku au jino linapopita. Ukizungusha kwa kasi, mita itatulia karibu nusu ya volti hizo. Si kosa, ni kwamba mita ya kawaida haiwezi kufuata mapigo ya haraka na inakupa wastani.

Ikiwa umeme na athi vipo lakini ishara imeganda juu au chini muda wote, usikimbilie dukani kabla ya kufungua sensa. Kagua kama kuna chembe za chuma zilizonasa kwenye uso wake, na kwa ile ya kwenye habu, kagua masikio ya plastiki au bati yanayoizungusha. Masikio hayo huvunjika fundi wa pancha anaporudisha gurudumu bila kuyalinganisha na nafasi zake, kisha akakaza ekseli. Hilo, hata hivyo, kwa kawaida huua spidomita moja kwa moja, halileti kukatikakatika kama kwako.

Pikipiki ikiwa ya sindano ya mafuta, yaani isiyotumia kabureta, kompyuta ya injini nayo inaweza kuwa inasoma sensa hiyo na kuwasha taa ya injini. Kwenye Honda za mfumo huo, taa ikipepesa mara moja kwa muda mrefu na mara moja kwa muda mfupi, yaani namba 11, inataja sensa ya mwendo.

Sasa sproketi. Haiwezi kabisa kusababisha namba zipotee, lakini inaweza kuzifanya ziseme uongo. Kama sensa yako iko kwenye gurudumu la mbele, hakuna kilichobadilika. Kama iko kwenye gia boksi, dashibodi bado inaamini kuna meno 15. Inapoonyesha 60, wewe kwa kweli unakwenda 56, na kila kilomita 100 inazoandika ni takriban 93 barabarani. Kwa anayekadiria mafuta kwa kilomita, tofauti hiyo itaifanya pikipiki ionekane inatumia kidogo kuliko ukweli, na nimewahi kuona mabishano marefu kati ya mwenye chombo na dereva yaliyotokana na jino moja tu.

Ukishaupata waya uliokatika, usiuunge kwa kusokota na kuzungushia tepu. Uchomee kwa risasi, funika kwa mpira unaojibana kwa joto, na kiungo kikae mbali na sehemu inayojipinda, kwa sababu risasi huufanya waya uwe mgumu na utakatika tena pembeni mwa kiungo. Ni vyema kubadilisha kipande kirefu kidogo cha waya laini wenye nyuzi nyingi, kisha ukifunge kwa ulegevu, na ujaribu kugeuza usukani pande zote mbili kuona kwamba hakivutwi.

Dashibodi yenyewe utaihukumu tu ikiwa mapigo yanafika safi hadi kwenye soketi yake ya nyuma na bado haionyeshi mwendo. Kabla ya kufunga nyingine, pima chaji injini ikiwa kwenye mzunguko wa kati: volti za betri zikipita 15, huenda rektifaya (kifaa kinachodhibiti chaji ya betri) ndiyo iliyoua ya kwanza, na inaweza kuua ya pili. Piga pia picha ya kilomita za zamani na uiandike tarehe kwenye daftari la sevisi, kwa kuwa dashibodi mpya huanza kuhesabu kutoka sifuri na mnunuzi wa baadaye atataka kujua chombo kimetembea kiasi gani.